Land Cruiser pikapu iliyotoka doria: kilomita wekeni pembeni, pimeni injini

Naanza na jibu kwa wale wasiopenda kusoma mengi. Gari nzuri, chesisi ngumu, bei niliyoipata ya haki, ila injini ilikuwa imechoka kuliko dashibodi inavyosema, na sababu sio kutembea sana, ni kusimama sana huku inawaka. Anaenunua gari iliyokuwa ya polisi kwa kusoma kilomita tu atalipa pesa ya injini nzima apewe nusu. Yaliobaki hapa chini ni kueleza tuliijuaje hiyo nusu kabla pesa haijatoka mfukoni.

Gari yenyewe ni Toyota Land Cruiser 79, pikapu ya kichwa kimoja, injini 1HZ, silinda sita za mstari mmoja, dizeli, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta, hakuna pahala pa kuchomeka laptop ikakwambia ugonjwa wake. Ilifanya doria miaka kadhaa ikauzwa mnadani "kama ilivyo na mahali ilipo", yale maneno ya matangazo ya mnada ambayo maana yake ukishaichukua ni yako na maradhi yake, akainunua dalali mmoja hapa mjini na mie nikaikuta kwake imeshapigwa rangi nyeupe. Dalali simtaji na ilikotoka sitaji, gari ya kazi huwa hivo popote duniani na sio aibu ya mtu. Nnayoitakia ni samaki na barafu, Mkokotoni kuja Malindi ya mjini hapa Unguja, na siku nyengine kufika Nungwi, kwa hivo nilitaka gari ambayo haitonifia pale Mahonda saa tisa ya usiku na barafu inayeyuka nyuma.

Kilomita zilikuwa laki moja na arubaini na ushee. Kwa 1HZ hiyo bado kijana, sote tunazijua zile za shamba zilizovuka laki nne na zinabeba mchanga mpaka leo. Dalali akawa ananisifia, "yakhe hii haijatembea hii, kazi yake ilikuwa kusimama tu". Anadhani ananiuzia kumbe ananipa sababu ya kushusha bei.

Mana injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, pampu ya oili inazunguka polepole, presha ni ya chini, na kule ndani ya silinda hakujapata moto wa kutosha kwa hivo dizeli haiungui yote. Ile isiyoungua nyengine inakuwa masizi, nyengine inateremka pembeni ya ringi za pistoni inaingia kwenye oili na kuifanya nyembamba, na kuta za silinda zinaanza kung'ara. Kung'ara huko sio sifa. Kuta za silinda zinatoka kiwandani na mikwaruzo midogo midogo ya kushika oili, zikishakuwa laini kama kioo ringi hazikai sawa, oili inapanda juu inaungua, kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, inashuka. Na wakati wote huo mita ya kilomita imelala. Gari ya doria inaachwa inawaka masaa kwa ajili ya redio na taa na kuwa tayari kuondoka, alafu inakuja simu inapigwa moto mpaka mwisho, alafu inarudi kusimama tena.

Wamarekani hili walishalipigia hesabu. Ile Ford Crown Victoria ya polisi wao, sedani ya V8 lita 4.6 iliyotengenezwa mpaka 2011, za miaka ya mwisho mwisho zina mita ya masaa ya injini kwenye dashibodi, na Ford wenyewe waliweka kanuni kwamba saa moja ya sailensi uihesabu sawa na maili 33 za kutembea, yaani kama kilomita 53. Sasa chukua gari inayosimama ikiwaka masaa manne kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hayo masaa 1,000, ni kilomita 53,000 zisizoonekana popote, na miaka mitano ni 265,000 juu ya zile unazozisoma. Ile ni petroli na hii yetu ni dizeli kwa hivo hiyo namba usiibebe ilivyo, lakini unapata kujua kwanini "haijatembea" sio sifa. Na ukikuta gari yenye mita ya masaa gawa kilomita kwa masaa, ikikuletea kilomita 15 au 20 kwa saa basi hiyo maisha yake mengi imesimama.

Uingereza nako mwaka 2022 polisi waliziwekea mipaka BMW zao za dizeli zenye injini ya N57 zisipelekwe mbio kubwa, na BMW wakasema tatizo linazihusu gari za polisi tu kwa namna zinavyotumiwa, za raia hazina neno. Injini hiyo hiyo moja. Hili nawaambia hasa wale wanaotolea macho zile BMW na Volvo za polisi wa Uingereza mitandaoni kwa sababu usukani uko upande wetu na bei inavutia.

Cruiser hii haina mita ya masaa, basi masaa tukayatafuta kwengine. Mpira wa pedali ya klachi umelika chuma kinachungulia, kiti cha dereva ukingo wa upande wa mlango sponji nje, bawaba za mlango zimelegea ukiuinua unapanda na kushuka, na ufunguo unachomoka huku injini inawaka. Hiyo ni gari iliyopandwa na kushukwa kutwa kwa safari fupi fupi, gari ya laki na arubaini ya mtu na familia yake haiwi hivo. Kwenye dashibodi kuna matundu ya skrubu ilipokaa redio, paani matundu ya taa yamezibwa kwa silikoni (yanavuja, masika itakuonesha), na chini ya dashibodi waya zimekatwa zimefungwa tepu nyeusi. Hizo waya zifuateni moja moja mpaka mwisho wake, mie mmoja niliukuta una umeme bado.

Fundi wangu ni mzee wa gereji moja ya Fuoni ambae Cruiser ndio skuli aliyosoma. Sharti lake la kwanza ni kuwa gari isiwashwe kabla yeye hajafika. Tukaenda baada ya sala ya alfajiri, akaweka kiganja juu ya boneti hata salamu hazijesha, ilikuwa baridi. Nilipokwenda peke yangu kabla ya hapo boneti ilikuwa ya moto na nikaambiwa imesogezwa kivulini tu, haya. Hapa kwetu hali ya hewa inawasaidia wauzaji, asubuhi ya Unguja ni digrii 24 au 25, dizeli yenye afya inashika bila ya kuzungushwa sana hata hita plagi (za kuipashia moto kabla ya kuwaka) ziwe zimekufa, kwa hivo kwa joto hili ikiwa bado inazungushwa stata muda mrefu, na ikishika inatoa moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi, ujue ima kompresheni imeshuka ima nozeli zinakojoa badala ya kupuliza. Yetu ilizungushwa kidogo zaidi ya inavyostahiki, ikashika kwa silinda tano inatikisika, ya sita ikaja nyuma yao, ikatulia. Fundi hakusema kitu, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu.

Injini ikishapata moto fungua kifuniko cha oili ikiwa inawaka. Kiupepo kidogo ni cha kawaida kwa dizeli yenye umri. Ukikigeuza kifuniko ukakilaza juu ya tundu lake kikawa kinarukaruka kutaka kuanguka, na moshi unatoka kwa mapigo, hapo injini inapumua, gesi ya juu inapita pembeni ya ringi inakwenda chini. Chetu kilicheza lakini hakikuanguka. "Mwanangu hii haijafa, imechoka," fundi ndo akasema hapo, na mie kichwani nikaanza kuipunguza bei.

Kipimo nnachokipenda kuliko vyote kwa gari ya aina hii, na hakina gharama, ni kuiacha kwenye sailensi dakika 15 au 20 bila kuigusa. Dalali ataanza kulalamika dizeli inaisha, mtilie ya elfu kumi anyamaze. Alafu mmoja akae nyuma kwenye ekzosi na mwengine apige resi mara moja kwa nguvu. Likitoka wingu la bluu mara ya kwanza, ya pili likapungua, ya tatu likaisha, oili ilikuwa inajikusanya juu wakati imesimama, ni sili za valvu au hizo ringi na kuta nilizozisema. Likiendelea bluu kila ukikanyaga, ringi zimekwisha. Moshi mweusi usikutishe sana, hiyo ni filta ya hewa kuziba au nozeli au mtu kaifungulia pampu dizeli nyingi ili gari iwe na nguvu, yanatengenezeka bila kufungua injini. Yetu ilitoa bluu mara mbili ikakauka. Na hapa ndipo pahala wengi wanapokosea, wanaijaribu gari kwa kuizungusha mtaani, inakwenda vizuri, inavuta, wanalipa, mana gari ikiwa inatembea ugonjwa wa kusimama hauonekani.

Presha ya oili nayo msiiangalie asubuhi, kila injini mbovu asubuhi ni nzima. Iangalieni imeshafanya kazi. Unguja haina mlima wa kuitesa gari, wenzetu wa Pemba wana vilima vya kweli hapo wametushinda, kwa hivo tukapakia viroba vya mchanga nyuma tukapanda Masingini kwa gia ya juu na mwendo mdogo, mafuta mpaka chini, tunasikiliza. Tukirudi, ikiwa ya moto hasa, mshale wa presha kwenye sailensi ulikaa karibu na mstari wa chini, ukikanyaga unapanda vizuri. Fundi hakuuamini, akafungua ile swichi ya presha akafunga geji yake mwenyewe moja kwa moja kwenye injini, mana mshale wa dashibodi unaweza kuwa umechezewa au swichi imekufa siku nyingi. Geji ikasema vile vile, ya chini lakini ipo. Mlio ule mzito wa kugonga kutoka chini ukipiga resi na kuachia haukuwepo, alhamdulillahi, mana huo ndio beringi za konrodi, ile mikono ya pistoni, na hapo mnunuzi anatakiwa aage.

Oili kwenye kijiti ilikuwa safi, njano. Dalali akasema ameifanyia sevisi kwa ajili yangu. Dizeli kongwe inayotumika oili yake inakuwa nyeusi haraka sana, ukiikuta inang'ara ni ya juzi, na swali ni kwanini mtu abadilishe oili karibu lita kumi kwenye gari anayoiuza. Lakini filta hakubadilisha, vumbi lake lile lile na kutu kwenye ukingo, na ile filta ndo iliyotusaidia kuliko maneno yote. Tukamnunulia mpya, ya zamani fundi akaipasua kwa patasi kwenye mshono wake (usikate kwa msumeno, unga wa chuma wa msumeno utakudanganya), akaitoa karatasi ya ndani akaikamua akaitandaza juu ya kanga nyeupe juani. Akapitisha sumaku. Ungaunga wa chuma ulishika kidogo, huo wa ringi na silinda, hakuushangaa. Alichokionesha ni punje chache za rangi ya shaba ambazo sumaku haizitaki, ndogo sana, unaziona ukigeuza kitambaa kwenye jua. Hizo ni za beringi, tabaka la juu limelika na la chini yake limeanza kutoka. Hazikuwa nyingi. Zingekuwa vipande vya kukamata kwa kucha tusingeendelea.

Kompresheni tukaipima gereji baada ya kuweka pesa kidogo ya ahadi kwa dalali, kwa maandishi, kwamba ikiwa mbovu narudishiwa. Kwenye 1HZ unatoa hita plagi unafunga geji pale, unaikatia dizeli, injini ya moto, betri nzima, unazungusha silinda moja moja. Geji iwe ya dizeli, ya petroli mwisho wake hapafiki huku na utaiua. Kitabu cha Toyota kinaruhusu silinda zitofautiane kilo 5 kwa sentimita mraba, kama psi 70, na hilo ndo la kuangalia zaidi kuliko namba yenyewe, mana geji za mitaani kila moja inasoma inavyotaka lakini geji moja ikisoma silinda sita inakuwa shahidi mzuri. Tano zetu zilikuwa karibu karibu, ya nyuma kabisa iko chini ya wenzake kwa kilo 7 hivi. Ile ile iliyochelewa kuamka alfajiri.

Kitu chengine ambacho watu hawakihesabu ni taiming belti, ile inayoendesha valvu. 1HZ ni belti sio cheni, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Kitabu kinataka ibadilishwe kila laki moja, masoko mengine laki na nusu, lakini belti haijui kilomita, inazunguka pia gari ikiwa imesimama inawaka, kwa hivo kwenye gari ya doria nyie badilisheni siku ya kwanza hata kama taa ya belti kwenye dashibodi imelala, ile taa inazimwa bila ya belti kuguswa. Oltaneta vile vile, imelisha taa na redio miaka yote kwenye sailensi, yetu brashi zilikuwa zimebaki kidogo.

Haya mengine haraka haraka. Giaboksi nzima, gia ya pili inakwaruza ikiwa baridi. Klachi ilikuwa mwishoni. Difu haina mlio. Chesisi nyuma karibu na springi ina kutu ya chumvi lakini ya juu juu, tuliigonga kwa nyundo pote, gongeni na nyie, hasa kama gari imefanya kazi pwani. Breki kawaida. Kiyoyozi kipo kwa jina. Dizeli inakula lita moja kwa kilomita 7 au 8 na mzigo, sio gari ya kupeleka watoto skuli. Namba ya injini kwenye bloku tuliisoma tukailinganisha na kadi kabla ya kwenda kuandikisha, gari za serikali wakati mwengine injini imeshabadilishwa na karatasi hazijui.

Nikarudi kwa dalali na zile punje za shaba kwenye kitambaa na namba sita za kompresheni kwenye karatasi. Hakuna kelele zilizopigwa. Kwa kweli ndio biashara ya gari iliyokuwa na adabu kuliko zote nilizowahi kufanya, mana hakuna wa kumwambia mwenzake muongo, kitu kipo juu ya meza. Alishusha vya kutosha kulipia ringi, beringi, gasketi, taiming belti na kazi ya fundi, na ukijumlisha yote bado nilikuwa chini sana ya Cruiser ya namna hiyo iliyotoka mkononi mwa mtu binafsi.

Tulipoifungua spea nyingi zilitoka Gerezani, Dar, zikaja kwa boti, hapa mjini ringi za saizi hiyo hazikuwepo wiki ile. Kuta za silinda zilikuwa zinang'ara kweli, ya sita kuliko zote, unajiona uso. Fundi alizisugua upya kwa mawe yake mpaka mikwaruzo ikarudi, hazikuhitaji kutobolewa kwa saizi kubwa zaidi, krenki ilikuwa nzima hatukuigusa ila beringi mpya. Hilo ndo zuri la injini iliyochoka kwa kusimama ukiiwahi, uchovu wake ni wa juu juu, chuma chenyewe bado kipo, tofauti na iliyokimbizwa bila maji au bila oili.

Kama unataka gari ya kupanda kesho asubuhi bila kufungua boneti, hii sio yako, ongeza pesa ununue ya mtu uliyemjua. Kama una kazi ya mzigo na una fundi unaemwamini na nafasi ya kuiweka chini kidogo, chukua, kwa pesa hiyo nadhani hakuna kinachoishinda hapa visiwani. Fundi nampa kumi kwa kumi, gari nampa saba, na moja kati ya hizo tatu nilizokata ni ya lile paa linalovuja.

Baada ya ringi mpya fundi alinikataza kuiacha sailensi, washa ondoka, mzigo wa wastani, usiibembeleze sana, ringi zinakaa kwa kazi. Oili nnaiangalia kila Ijumaa na mpaka sasa haijashuka ya kutaja. Filta ikifika muda wake naikata tena, ikitoka shaba ntaandika.